Mrija wa Nyamoita

Kwanza niseme wazi kwamba nina hasira, na sina mpango wa kuipoza. Wifi yangu Nyamoita hajui kukasirika vizuri. Ukimkanyaga mguu anakuomba msamaha yeye. Kwa hiyo kazi ya kukasirika nimeifanya mimi kwa niaba yake tangu mwaka wa tisini na sita, na nimeizoea. Mimi ni Bochaberi, dada ya marehemu Jeremiah, mume wake.

Nyamoita alikuwa na hoteli pale Suna, mjini Migori, nyuma ya steji ya matatu. Mnajua hoteli zetu: mabati manne, mabenchi mawili, sufuria kubwa ya chai ambayo haitoki jikoni tangu alfajiri. Mandazi yake yalikuwa makubwa na hayakuwa na hewa ndani. Madereva, wauza mitumba, makarani wa korti, wote walikula pale. Mtu akikosa pesa alikula na kuondoka, na Nyamoita hakumfuata barabarani akipiga kelele. Mimi ningemfuata.

Sasa, jambo la ngozi yake. Kwao walikuwa Wasabato wa kweli, nyumba ambayo hata kahawa ilionekana dhambi, kwa hiyo alifika kwetu hajawahi kuonja pombe. Siku ya sherehe ya kumpokea akapewa busaa kikombe kidogo, akanywa kwa heshima. Macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu vya arusi nzima. Uso ukapata moto, masikio yakaiva, kisha shingoni na mikononi vikatoka vipele vipana, vimevimba, vinawasha hata akawa anajikuna kwa ukuta. Mama yetu alishtuka. Jeremiah alimwekea kitambaa cha maji baridi shingoni, akacheka akasema, “Nimeoa mtu ambaye hatawahi kunimalizia pombe.” Baada ya muda vipele vikaisha vyenyewe, ngozi ikarudi laini. Alipojaribu tena Krismasi, ikawa vile vile. Tukajua. Mambo yakaishia hapo, maana kila mtu ana kitu mwili wake unakataa. Mimi mwenyewe mayai ya bata siwezi.

Taabu ni kwamba kwetu Kisii, na kwa Wakuria pia, aliyepika pombe ndiye anayeionja kwanza. Wageni wakishaketi kuzunguka chungu na mirija yao mirefu, mama wa nyumba anainama, anavuta kwa mrija wake, anameza watu wakiona koo likicheza. Hapo ndipo wageni wanajua hakuna kilichotiwa ndani, nao wanaanza. Kwa hiyo katika nyumba ya Jeremiah tulipanga hivi: Nyamoita anapika, mimi naonja. Mimi pombe hainifanyi kitu, na hilo Suna nzima inalijua. Wageni wetu walizoea, hakuna aliyeuliza.

Jeremiah alifariki akipigilia mabati ya kanisa. Alianguka mchana kweupe, fundi mwenzake akiwa ameshika ngazi, akina mama wa kwaya wakiangalia. Nataka mlikumbuke hilo, maana baadaye watu walilisahau kwa makusudi.

Akabaki Nyamoita na binti yao, Scovia. Scovia alifundisha nasari, na jioni alimsaidia mama yake kuhudumia meza. Hapo ndipo Wangwe alipomwona. Wangwe alikuwa kijana Mkuria kutoka upande wa Mabera, fundi wa mashine za posho mill, zile za kusaga mahindi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alikula omena ya Nyamoita kila jioni ya Mungu. Akaanza kubaki baada ya kula, akisaidia kupanga mabenchi. Tukaelewa. Scovia alikuwa akimsikia tu akikohoa nje, anatafuta kioo. Mimi nilifurahi. Nyamoita alifurahi zaidi, akawa anamtilia supu mara mbili.

Baba ya Wangwe alikuwa amekufa, kwa hiyo msemaji wa ukoo wao akawa baba yake mdogo, Machuki. Mzee mrefu mwenye kofia, mtu wa kusafisha koo kabla ya kila neno kama redio inayotafuta stesheni.

Siku ya wao kuja kuzungumzia ng'ombe, tulijiandaa mpaka mgongo ukakataa. Nyamoita alichachusha unga, akaukaanga kwenye karatasi ya bati, akachanganya na kimea cha wimbi alichokianika yeye mwenyewe. Chifu alikuwa ameshaarifiwa, maana busaa bila chifu kujua ni kesi. Wageni wakafika, tukawaketisha chini ya turubai, chungu katikati, maji moto yakamiminwa, harufu ikajaa boma lote. Nikainama na mrija.

Machuki akasafisha koo. “Ngoja kwanza. Wewe ni nani hapa?”

“Mimi ni shangazi ya msichana, mzee. Mimi ndiye huonja.”

“Hapana. Kwetu anaonja mwenye nyumba. Aliyepika si ni huyu mama?”

“Ni yeye, lakini mwili wake haupatani na pombe. Inamtoa vipele.”

Wale wazee wakacheka. Machuki hakucheka. “Mimi nimekunywa pombe tangu nikiwa mtoto ya kuchunga mbuzi, sijaona pombe ya kutoa mtu vipele. Kwani anaogopa nini ndani ya hii chungu?”

Mtu ana haki ya kukataa. Ningekuwa mimi ningekataa, na chungu ningekipindua. Lakini Nyamoita aliona uso wa Scovia pale mlangoni, akaona wageni wameanza kutazamana, akachukua mrija wake. Akavuta, akameza mara moja, akavuta tena ili wasiseme amedanganya, akameza.

Haikuchukua muda. Macho kwanza. Kisha shingo. Alijaribu kujifunika na leso, lakini mikono nayo ilikuwa imeshavimba mabaka, na watu wote wakaona. Machuki akaruka kama amekalia siafu.

“Sumu! Nilisema!”

Mzee mmoja wa kwao, aliyekuwa na kiu, akainama akanusa chungu. Akasema pombe iko sawa kabisa. Akanusa tena. Akasema iko sawa zaidi.

“Basi kama si pombe ni yeye,” Machuki akasema. “Hamuoni? Bwana yake alikufa kijana. Hivi vipele tunavijua. Huyu mama amekanyaga waya, ana ule ugonjwa wa siku hizi.”

Akachuma jani la mgomba, akaushika mrija wa wifi yangu kwa lile jani kama mtu anayetoa panya aliyekufa, akautupa kwenye uzio. Nyamoita akaingia ndani. Hakuna hata mmoja wao aliyemfuata kumwangalia. Kama wangemfuata wangemkuta ameketi na kitambaa cha maji, na wangeona vipele vinavyonywea mbele ya macho yao, lakini mtu akishapata alichotaka kuona haangalii tena.

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kikisii, nikaeleza kwa vidole. Ilikuwa kama kuongea na tangi la maji.

Halafu wakafanya kitu ambacho mpaka leo kikinijia kichwani naacha ninachofanya. Waliketi tena, wakanywa. Naapa. Hao watu waliosema mama ni mgonjwa, na kila kitu chake ni kifo, walivuta mirija yao mpaka chungu kikabaki machicha. Pombe ilipikwa kwa mikono ile ile, kimea kilianikwa na mikono ile ile, lakini koo lao lilikuwa na ruhusa maalum. Nyamoita alipotoka ndani, uso safi, ngozi safi, akibeba ugali na nyama ya mbuzi, ndipo wakakumbuka kuogopa. Wakasema amejipaka poda. Wakakataa chakula.

Na Wangwe? Wangwe alikuwa ameketi. Alikuwa na viatu vipya vyeusi, na alivitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana aliyekula katika sahani za mama huyu jioni baada ya jioni hakusema hata “jamani.” Scovia alisimama mlangoni akimtazama, akimngoja ainue kichwa. Wakaondoka hajakiinua.

Habari ilifika mjini kabla hatujaosha vyombo. Wiki ile ile karani mmoja alikuja hotelini na kikombe chake mwenyewe, amekifunga kwenye gazeti, eti daktari amemshauri. Mwingine alinunua andazi, akalivunja, akalinusa, akaliacha. Mabenchi yakaanza kukaa matupu saa ambazo zamani watu walisimama na sahani mkononi. Jirani yetu muuza samaki, Mjaluo, mama mwema kwa kweli, alinivuta pembeni akaniambia kwa huruma, “Yawa, Bochaberi, hiyo ni chira. Kuna mwiko huyo mama alivunja bwana yake alipokufa. Mtafutieni manyasi anywe apone.” Huyo angalau alitaka apone. Wengine walishapanga viti vya matanga.

Kisha wakamfikia ndugu yangu kaburini. Nilisikia kwa masikio yangu mwanamke wa kwaya, mmoja wa wale waliomwona akianguka, akisema kwamba Jeremiah alianguka kwa sababu alikuwa ameshadhoofika, miguu haikuwa na nguvu. Nilimuuliza kama na lile bati lililoteleza lilikuwa limedhoofika. Mpaka leo hatusalimiani, na nimenenepa kwa raha hiyo.

Na tuseme kweli. Hata kama Nyamoita angekuwa na ule ugonjwa, basi ndiyo nini? Chai ni chai. Miaka ile tulizika watu Migori, tukazika Homa Bay, tukazika visiwani, kila familia ilikuwa na kitanda chake cha kujifichia, na bado tulikuwa na nguvu za kutafuta wa kumcheka. Hicho ndicho kinachonichoma. Waliobeba vikombe kwenye magazeti walikuwa na wagonjwa wao nyumbani, wamewafungia vyumba vya nyuma.

Ujumbe ukaja kutoka Mabera, umeletwa na kijana wa baiskeli. Machuki anasema kama tunataka mazungumzo yaendelee, mama na binti waende wakapimwe damu, walete majibu.

“Na Wangwe?” nikauliza.

“Wangwe afanye nini?”

“Apimwe.”

Akanitazama kama nimesema tumpime ng'ombe wa mahari. “Aa, mama. Hiyo ni mambo ya hawa wanawake. Mwanaume apimwe ya nini?”

Nilimrudisha na maneno ambayo sidhani aliyafikisha yote.

Lakini Nyamoita alitaka kwenda, si kwa ajili ya Machuki. Alisema amechoka kutoelewa ngozi yake mwenyewe. Tukaenda Homa Bay, maana Migori ungeingia mlango wa hospitali na kabla ya kutoka mji umeshakuandikia wasia. Tulihudumiwa na daktari msichana, Mungu ambariki, hakuwa na haraka. Akamuuliza alikunywa nini, vipele vinakuja baada ya muda gani, vinaisha vipi, kama kifua kinabana. Kisha akasema, “Mama, huna laana, wala hujachafuka damu kwa sababu ya hivi vipele. Kuna miili ambayo pombe ikiingia haijui kuivunja, au inaiona adui. Damu inakimbilia kwenye ngozi, uso unakuwa moto, vipele vinatoka. Nimeona wengine. Mara nyingi ni kitu cha ukoo. Dawa yake ni moja, usiinywe, maana siku nyingine inaweza kubana kifua.”

Nyamoita akaketi pale akilia kidogo, akicheka kidogo. Akasema, “Kumbe ni hivyo tu.”

Daktari akamuuliza kama angependa kupimwa na ule ugonjwa mwingine. Akakubali. Siku ya majibu tulirudi, akaingia, akatoka, akaniambia. Majibu hayo sitayasema hapa. Hayakuwa ya Machuki, hayakuwa ya karani mwenye kikombe, na mniwie radhi, si yenu pia. Njiani kurudi nilimwambia tuyatangaze sokoni. Akakataa. “Wifi, nikiwaonyesha leo, kesho kila mama mwenye kipele ataambiwa alete yake.” Ni mara chache mimi kunyamazishwa na Nyamoita.

Scovia hakwenda kupimwa. Alisema atakwenda siku Wangwe atakapomshika mkono waende wote wawili. Hakuna mkono uliokuja. Zilikuja salamu tu, za kupitia kwa watu wa posho mill, kwamba anaomba awe na subira, baba mdogo ni mtu mgumu. Nilimwona Scovia akizisikiliza salamu hizo akifuta meza iliyokuwa safi. Alikuwa bado anampenda. Ningependa kuwaambia alikuwa amemsahau, ingekuwa hadithi tamu zaidi kwangu, lakini alikuwa anampenda na alikonda.

Kilichoiokoa hoteli ni madereva wa malori waliokuwa wakipita kuelekea mpakani Isebania. Wao hawakujua umbea wetu, walijua njaa. Walikula wakasifu, na watu wa Suna wakiona malori matatu yamesimama mahali, hawavumilii kukosa. Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Karani naye akarudi, bila kikombe, akaagiza chai ya maziwa mengi kana kwamba alikuwa safarini. Nyamoita alimpa. Mimi nilimpa ile ya chini ya sufuria.

Mwaka ukapita, Nyamoita hakufa. Akanenepa hata. Na Wangwe, tulisikia, alikuwa ameletewa wasichana na kuwakataa wote. Basi Machuki akatuma neno kwamba watarudi, mambo yale yalikuwa ni “kutoelewana kidogo.” Kutoelewana kidogo! Nilitaka tuwafungulie mbwa. Nyamoita alimtazama Scovia, Scovia akatikisa kichwa kukubali, na Nyamoita akaanza kuchachusha unga.

Wakaja. Turubai lile lile, chungu kile kile, kofia ile ile. Safari hii Machuki alikuwa mtamu, akanisalimu kwa jina. Akasafisha koo akasema, “Leo shangazi anaweza kuonja. Hatuna neno.”

Nyamoita akaingia ndani. Akatoka na mrija. Ulikuwa ule wa mwaka uliopita, ule uliotupwa na jani la mgomba. Alikuwa ameuokota kwenye uzio, akauosha, akauchomeka kwenye paa la jikoni, na hakuniambia hata mimi. Akampelekea Machuki kwa mikono miwili, kwa heshima, magoti yamepinda kidogo kama tunavyofunzwa.

“Mzee, leo onja wewe,” akasema. “Kwa mrija wangu. Ukiuweka mdomoni, tumemaliza yote. Sitakumbusha mtu.”

Machuki aliutazama mrija. Mkono wake ulitoka kidogo ukarudi. Akasema ana jino linalomsumbua. Akasema pia ameokoka, au yu karibu kuokoka. Wale wazee wakaanza kutazama miti.

Hapo Wangwe akainuka. Lazima nimpe haki yake, aliinuka, uso umemjaa jasho, akanyoosha mkono. “Lete, mama. Mimi nitakunywa.”

“Keti, Wangwe.”

Alikuwa ni Scovia. Alikuwa ametoka mlangoni, amesimama kando ya mama yake.

“Scovia, nataka tu kuonyesha—”

“Keti. Siku ile uliketi vizuri tu, hakuna aliyekufundisha. Kama ni mrija wa kushika kwa jani, au wa kushika kwa mkono, siku yake ilikuwa siku ile, mama akiwa ndani peke yake.”

Akauchukua mrija, akauingiza chunguni, akainama akavuta. Nikapiga kelele, “Scovia, hapana!” maana mwanzoni sikuelewa. Akameza, akanyooka, akasimama mbele yao mikono wazi. Macho yakaanza. Kisha masikio, kisha shingo, vipele vile vile, mahali pale pale, kana kwamba mama yake amemwazima ngozi. Mtoto huyu alijua. Baadaye alituambia aliwahi kuonja siku moja shuleni kwa kujificha, akakaa chooni mpaka vikaisha, asimwambie mtu.

“Tazameni vizuri,” akasema. “Huyu ndiye mlikuja kumchukua. Watoto wangu nao labda watakuwa hivi. Wangwe, kila sherehe ya kwenu, kila mtu akinielekeza kidole, utatazama viatu?”

Wangwe alimtazama. Kisha, sijui kama alijua anachofanya, shingo yake ikageuka kumtafuta baba mdogo. Ilikuwa kitambo kidogo sana. Scovia aliona, mimi niliona.

“Basi nendeni salama,” Scovia akasema.

Wakaondoka. Yule mzee aliyenusa chungu mwaka uliopita aligeuka mara mbili kukitazama, kimejaa mpaka ukingoni, na nilimpungia mkono. Wangwe alikuwa wa mwisho kutoka, akatembea pole pole kama mtu aliyesahau kitu.

Nyamoita alileta beseni la maji baridi. Akamketisha binti yake kwenye benchi, akaloweka kitambaa, akakiweka shingoni kama Jeremiah alivyokuwa akimwekea yeye.

“Kifua kinabana?”

“Hapana, mama.”

“Inawasha?”

“Inawasha sana.” Naye akalia, na hakulia kwa sababu ya kuwashwa.

Tulikaa hapo watatu. Mimi nilibadilisha maji. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani Nyamoita alipotoa kitambaa akatazama shingo, akapitisha kidole, ngozi ilikuwa laini kama asubuhi. Machuki na watu wake walikuwa bado hawajafika Mabera.